Mwanafunzi akipotea, si lazima kusubiri saa 24

Wengi wanaamini kwamba mwanafunzi asipoonekana bwenini, polisi au walinzi wa chuo hawapokei taarifa mpaka saa 24 zipite. Ni imani inayoeleweka, maana filamu zimeirudia miaka mingi.

Kwa kawaida hakuna sharti la namna hiyo, na katika nchi nyingi taarifa hupokelewa papo hapo. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2008 inavitaka vyuo vyenye mabweni viwajulishe polisi ndani ya saa 24 tangu vibaini kuwa mwanafunzi hajulikani alipo. Hicho ni kikomo cha kuchelewa, si muda wa kungoja. Na saa za mwanzo ndizo zenye thamani: aliyekaa naye darasani bado anakumbuka alivaa nini na alielekea wapi, na picha za kamera, ambazo mifumo mingi huzifuta yenyewe baada ya muda, bado zipo.

Kuhakiki utaratibu wa chuo chako si kazi ngumu. Soma mwongozo wa wanafunzi. Usipoona maelezo, mwulize mlezi wa bweni taarifa kama hiyo hupelekwa kwa nani. Kituo cha polisi pia kitakujibu. Ukiambiwa usubiri, omba kwa upole uoneshwe kanuni iliyoandikwa.

Ukienda kutoa taarifa, beba picha yake ya karibuni, namba yake ya simu na saa aliyoonekana mara ya mwisho. Akirudi salama, wajulishe uliowapa taarifa ili msako usitishwe.