Pua Inageuzwa na Nini? Dhana Potofu Kuhusu Vyombo Vinavyopaa Wima

Ndege ya kawaida ikiwa angani, upepo unapita kwa kasi kwenye usukani wa mkia, na usukani huo unatosha kuipeleka pua kushoto au kulia. Chombo kilichosimama hewani hakina upepo huo. Kwa hiyo, kila unapokiona kimeelea, jiulize: nguvu ya kugeuza pua inatoka wapi, na inaweza kuisha lini? Makosa mengi yanayosemwa kuhusu vyombo hivi huanza pale swali hilo linaporukwa.

Dhana: Rotori ya mkia ni ya kupigia kona.

Rotori ni seti ya mapanga yanayozunguka, na kazi ya kwanza ya ile ya mkia ni kuuzuia mwili wa helikopta usizunguke. Injini inapoisukuma rotori kuu upande mmoja, mwili nao unasukumwa upande wa pili. Helikopta nyingi za Marekani rotori yao huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, hivyo pua hutaka kwenda kulia, na kila rubani anapoongeza nguvu hukanyaga pedali ya kushoto. Helikopta za H125 iliyobuniwa Ufaransa na Mi-8 ya Urusi ni kinyume chake: nguvu ikiongezwa, hukanyagwa pedali ya kulia. Anayehama kutoka aina moja kwenda nyingine lazima aufundishe mguu upya.

Wengi pia hudhani pedali inaongeza kasi ya rotori ya mkia. Haiongezi. Rotori hiyo imeunganishwa na rotori kuu kwa shafti na giaboksi, na kasi zake zinakwenda pamoja. Kinachobadilika ni pembe ya mapanga yake. Pembe ikiwa kubwa, msukumo unakuwa mkubwa, na nguvu inayochukuliwa kutoka kwenye injini inaongezeka. Helikopta ikiwa imeelea, mkia peke yake hula kati ya asilimia 5 na 15 ya nguvu yote. Ndiyo maana helikopta iliyojaa mzigo, mahali pa juu penye joto, inaweza kupungukiwa na nguvu kwa sababu tu rubani ameongeza pedali.

Dhana: Helikopta ikianza kuzunguka ghafla, basi mkia umekatika.

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote, kwa sababu inamfanya rubani aache kufanya jambo ambalo lingemwokoa. Mkia mzima kabisa unaweza kuzidiwa na hewa. Kwa rotori inayozunguka kinyume cha saa, upepo wa kutoka mbele kushoto, takriban nyuzi 285 hadi 315 ukihesabu kutoka puani kwa mwelekeo wa saa, huipeleka hewa iliyovurugwa na rotori kuu moja kwa moja kwenye rotori ya mkia. Upepo wa kushoto, nyuzi 210 hadi 330, huifanya rotori ya mkia inyonye tena hewa iliyokwisha kuisukuma. Upepo wa nyuma, nyuzi 120 hadi 240, huusukuma mkia ili pua ielekee unakotoka upepo. Hatari huwa kubwa chombo kikiwa chini ya kasi ya noti 30 (kama kilomita 56 kwa saa), nguvu ikiwa juu, na rubani akigeuka kulia.

Pua ikianza kukimbia kulia: pedali ya kushoto hadi mwisho, fimbo mbele ili kupata kasi, na kama urefu kutoka ardhini unaruhusu, punguza nguvu. Pedali ishikiliwe hapo hapo. Mzunguko hauishi papo hapo, na anayeachia mguu akidhani mkia umekufa anauongezea kasi mzunguko uleule anaoupigania.

Dhana: Injini ikizima, hakuna tena cha kugeuza pua.

Rotori kuu inaendelea kuzungushwa na hewa inayopanda kutoka chini, nayo inaizungusha rotori ya mkia. Pedali zinafanya kazi, ila mahitaji yamegeuka: msuguano wa giaboksi sasa unauvuta mwili kuelekea inakozunguka rotori, kwa hiyo helikopta ya Marekani itataka pedali ya kulia.

Dhana: Bila rotori ya mkia, mbinu ni ileile moja.

Helikopta za Kamov za Urusi zenye rotori mbili kwenye mhimili mmoja huongeza pembe ya mapanga ya rotori moja na kupunguza ya nyingine. Nguvu ya kunyanyua inabaki ileile, mwili unageuka. Chinook, helikopta yenye rotori kubwa mbele na nyuma, huiinamisha rotori ya mbele kulia na ya nyuma kushoto ili pua iende kulia. V-22, ndege yenye rotori kwenye ncha za mabawa, ikiwa imezielekeza rotori zake juu, huiinamisha ya kushoto mbele na ya kulia nyuma kwa lengo hilohilo.

Harrier, ndege ya kivita ya jeti inayoweza kupaa wima, ni jambo jingine kabisa. Hewa iliyobanwa huchukuliwa kwenye kompresa ya injini na kupulizwa kupitia matundu ya puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa; tundu la mkiani ndilo linalogeuza pua. Lakini injini inanyonya hewa nyingi mno mbele ya kitovu cha uzito. Ndege ikisogea kiubavu kwa kasi ndogo, unyonyaji huo unaipeleka pua mbali na upepo, kisha ndege inaanza kubiringika. Kijibendera kidogo cha upepo mbele ya kioo cha rubani kiliwekwa kwa ajili hiyo.

Dhana: Droni ikizungukazunguka, dira ndiyo mbovu.

Wakati mwingine ni kweli. Lakini droni ya rotori nne hugeuka kwa tofauti ya msokoto wa mota zake, yaani nguvu inayousukuma mwili kinyume na mzunguko wa kila mota. Kwenye fremu yenye umbo la X ya ArduPilot, programu ya kuongozea droni, mota ya mbele kulia na ya nyuma kushoto huzunguka kinyume cha saa. Zikiongezwa kasi na zile mbili nyingine zikipunguzwa, pua huenda kulia. Msokoto huo ni mdogo, kwa hiyo kosa dogo la fundi linatosha kuumaliza.

Chukua mota inayobeba gramu 500, kifungio chake kimezunguka nyuzi 2 kwenye mkono wa bomba la mviringo. Takriban gramu 17 za msukumo zinaenda ubavuni, mwisho wa mkono, muda wote wa safari. Kompyuta inapambana nazo. Betri ikishuka au mzigo ukizidi, inachagua kwanza kukiweka chombo sawa, na pua inaachwa izunguke.

Soma kumbukumbu za safari droni ikiwa imeelea mahali pasipo upepo. Mota mbili za mshazari mmoja zikifanya kazi zaidi kuliko zile za mshazari wa pili, toa mapanga, weka pimamaji juu ya kila mota, nyoosha, kisha kaza. Na kama inazunguka kwa kasi inayoongezeka mara tu inapoacha ardhi, angalia kama mota zote zinazunguka upande ambao programu inaujua. Zikiwa kinyume, kila sahihisho la kompyuta linazidisha kosa.