Je, wajua kwa nini gari la kabureta linakohoa likipanda kutoka Uvira hadi Bukavu?

Mwenye gari la zamani anayeishi Bukavu, mashariki mwa Kongo, anaijua hali hii. Gari linawaka vizuri Uvira, linapita uwanda wa Ruzizi bila tatizo, kisha baada ya Kamanyola, likianza kupanda mlima wa Ngomo, linapoteza nguvu, linakohoa, linatoa moshi mweusi au linazimika kabisa, na hata likifika mjini linakataa kutulia kwenye ralanti, yaani mwendo wa injini mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta. Lawama ya kwanza huwaangukia kadhafi, yaani wale vijana wanaouza esansi (petroli) kando ya barabara kwa vidumu na chupa. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya kabureta yenyewe na katika hewa tunayovuta, na anayeielewa anaweza kuutafuta ubovu hatua kwa hatua badala ya kununua vifaa kwa kubahatisha.

Kabureta ni kifaa kinachochanganya esansi na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na katika mwendo wa kawaida haisukumi esansi. Hewa inayovutwa na pistoni inapita kwenye koo jembamba, na inapobanwa hapo inaongeza kasi huku mgandamizo wake ukipungua, jambo ambalo Daniel Bernoulli alilieleza mwaka 1738. Koo lenyewe limebaki na jina la Mwitalia Giovanni Battista Venturi. Pembeni mwa koo kuna bakuli dogo la esansi. Kwa kuwa hewa iliyo juu ya bakuli ina mgandamizo mkubwa kuliko ile ya kooni, esansi inasukumwa kupitia kitundu cha shaba kilichopimwa kwa makini, ambacho mafundi wetu wanakiita jikleri, na kunyunyizwa ndani ya hewa. Kiasi cha esansi bakulini kinalindwa na boya, ambalo linapopanda linasukuma sindano na kufunga njia, na linaposhuka linaifungua tena, kama boya la tangi la maji linavyofanya.

Ili esansi iungue yote, kila kilo 1 inahitaji hewa ya kilo 14.7 hivi. Tatizo letu linaanzia kwenye neno hilo kilo, kwa sababu kabureta haipimi uzito wa hewa. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu karibu mita 1,460. Ndiyo maana mto Ruzizi unateremka kwa kishindo kutoka ziwa moja hadi jingine. Anayepanda kinyume cha mto huo anaingia katika hewa nyepesi zaidi. Ukilinganisha na pwani, hewa ya Bukavu ni pungufu kwa asilimia 13 hivi katika kila lita, lakini esansi inayopita kwenye jikleri haipungui kwa kiwango hicho hicho, na matokeo yake ni mchanganyiko uliozidi esansi kwa asilimia 7 hivi. Gari lililopimwa kiwandani kwa ajili ya nchi tambarare za Ulaya, kama Peugeot 404 iliyotengenezwa Ufaransa kuanzia mwaka 1960 na ambayo familia yetu bado inaitunza, huku kwetu linakula kupita haja yake.

Asilimia 7 peke yake haiui injini. Inaondoa tu ile nafasi ya ziada iliyokuwa inaficha makosa madogo. Sindano iliyolika kidogo, chujio la hewa lililojaa vumbi, boya lililopinda, yote hayo yanavumilika Uvira, na yakifika Bukavu yanaungana na wembamba wa hewa na kuonekana waziwazi.

Ugumu ni kwamba injini inakohoa kwa njaa, yaani esansi ikipungua, na inakohoa pia kwa shibe, yaani esansi ikizidi, na masikio ya mtu asiyezoea hayatofautishi. Kwa hiyo, kabla ya kushika bisibisi, ni lazima kujua lipi kati ya hayo mawili linalosumbua. Kipimo chepesi kuliko vyote ni kile kivuto cha kuwashia gari wakati wa baridi, ambacho sisi tunakiita starteri na wengine wanakiita choki, kwa kuwa kazi yake ni kuongeza esansi katika mchanganyiko. Injini ikiwa ya moto na inakohoa, kivute nusu. Ikiwa inapata nafuu, ilikuwa na njaa. Ikiwa inazidi kusongwa, ilikuwa imeshiba. Baada ya hapo fungua bujia, yaani plagi inayotoa cheche ndani ya injini. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya, masizi meusi makavu ni shibe, weupe kama wa chaki ni njaa au joto kupita kiasi, na bujia iliyolowa esansi inaonyesha kwamba injini imezama.

Siku moja nilipeleka gari letu kwa fundi mmoja kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, nikiwa na hakika kwamba nimeuziwa esansi chafu. Alivuta starteri, akaisikiliza injini ikizama, akaifungua bujia ya kwanza na kunionyesha ncha yake nyeusi kama sufuria ya kuni. «Papa,» akaniambia, «hii mashini haina njaa, imeshiba.» Alifungua kifuniko cha kabureta, akalitoa boya, akalitikisa karibu na sikio langu. Ndani yake kulisikika mchakacho mdogo wa esansi. Boya lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, esansi ilikuwa imeingia, na boya zito halielei vizuri, kwa hiyo sindano ilikuwa haifungi na bakuli lilikuwa linafurika. Boya la shaba lenye ufa huo linaweza kuzibwa kwa risasi ya kulehemia, ila baada ya kuhakikisha kwamba hakuna hata tone la esansi wala mvuke wake uliobaki ndani, maana moto na mvuke huo havikai pamoja. Boya likiwa zima, angalia ncha ya sindano: mstari wa mviringo uliochimbika hapo unatosha kuifanya ivuje.

Njaa ina njia nyingi zaidi, na mimi napendelea kuifuata kuanzia tangini. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingizia hewa. Likiziba, pampu inavuta dhidi ya ombwe, na gari linakwenda vizuri kwa muda kisha linafifia. Ukifungua kifuniko na kusikia hewa ikiingia kwa mlio, halafu gari likapona, umeshapata jibu bila kulipa chochote. Chujio la esansi linafuata, kisha pampu. Injini ikiwa imepoa, na waya mkuu wa moto ukiwa umechomolewa, ondoa mpira wa esansi unaoingia kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, na mtu mwingine azungushe injini: mirusho mizito na ya kufuatana inaonyesha pampu ni nzima. Harufu ya esansi kwenye kijiti cha kupimia oili ni onyo tofauti na kubwa zaidi, kwamba ngozi ya ndani ya pampu huenda imepasuka na esansi inamwagika kwenye oili. Gari hilo lisitembee mpaka litengenezwe na oili ibadilishwe.

Tukirudi kwa kadhafi, maji ndani ya esansi yanatambulika kwa macho. Mimina esansi ya bakuli la kabureta ndani ya glasi safi na uitulize. Maji ni mazito zaidi, kwa hiyo yanakaa chini kama shanga zinazoviringika kila ukiinamisha glasi. Hata hivyo maji hayo si lazima yatoke kwa muuzaji. Tangi linalokaa nusu tupu katika mji wenye mvua na usiku wa baridi linatengeneza unyevu wake lenyewe.

Kuna njaa nyingine inayokuja kwa joto na kuondoka yenyewe. Kila mpishi wa huku anajua kwamba maharagwe yanachelewa kuiva, kwa sababu maji ya Bukavu yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Esansi nayo inafuata sheria hiyo. Sehemu zake nyepesi zinaanza kuchemka kwenye digrii 35 au 40 hata pale usawa wa bahari, na mlimani zinachemka mapema zaidi. Gari likipanda Ngomo taratibu kwa gia ya kwanza nyuma ya lori, upepo wa kulipoza ni mdogo, pampu na mipira vinapata moto, esansi inageuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na dakika 20 za kusubiri vinarudisha uhai. Dawa ya kudumu ni kuuhamisha mpira wa esansi mbali na bomba la moshi. Ila ujihadhari hapa, kwa kuwa kondensa ya mfumo wa kuwashia nayo ina tabia ya kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, na wengi wamefungua kabureta nzima kwa kosa la kondensa. Angalia kwanza kama bujia inatoa cheche wakati gari limegoma.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kuona jikleri ikizibuliwa kwa waya. Namba iliyochongwa juu yake, tuseme 130, inahesabu sehemu za mia za milimita: kitundu cha milimita 1.30. Waya ukikikwaruza hadi 1.37, eneo lake limeongezeka kwa asilimia 11, zaidi ya kosa lote linaloletwa na mlima. Hewa ya pompi na esansi safi vinatosha. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayotuponya, kwa sababu kushuka kutoka jikleri ya 130 hadi ya 125 kunapunguza eneo kwa asilimia 7.5 hivi, karibu sawasawa na kile ambacho urefu wa Bukavu umezidisha. Tulifanya hivyo kwenye gari letu baada ya kubadilisha boya, na bujia zikarudi kwenye rangi ya kahawia. Jikleri ya 130 naihifadhi ndani ya kiberiti kitupu kwenye kisanduku cha mbele, kwa sababu nikiteremka Uvira kukaa wiki kadhaa, hewa inakuwa nzito tena na injini inaanza kuona njaa. Hapo naifungua kabureta asubuhi kabla jua halijawa kali, nairudisha ile ya zamani, na ile ya 125 inaingia kwenye kiberiti.