Taiti endi na mamilioni ya kwenye karatasi

Kuna ujumbe usiokufa kwenye magrupu: taiti endi (mchezaji wa upande wa ushambuliaji) wa futiboli ya Marekani, ile ya kubeba mpira mikononi, akisaini miaka 4 kwa dola milioni 40, basi milioni 40 ni zake. Sivyo. Zilizo zake kwa hakika ni zile zilizodhaminiwa kwenye mkataba, yaani atalipwa hata akiachwa; klabu ikimwacha mwaka wa pili, mishahara isiyodhaminiwa inayeyuka. Na kazi yenyewe, kudaka pasi na kuzuia mabeki wenye miili kama makontena, huvunja watu. Kuchanganyikiwa kunaeleweka: hukohuko Marekani, mikataba ya kikapu na besiboli kwa kawaida hulipwa yote. Ukitaka kuhakiki, tafuta kiasi kilichodhaminiwa, si jumla iliyopambwa kwenye kichwa cha habari. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali uishie kwako.