Hizo risasi za kiunoni, umezijaribu lini?

Wiki iliyopita alikuja renjini, uwanja wetu wa kupigia shabaha, mzee mmoja mwenye duka la jumla, ana bastola aina ya Ceska ya milimita 9, leseni iko sawa, ametembea nayo miaka mitatu na hajawahi kupiga hata moja ya zile risasi alizonazo kiunoni. Nikamwambia mzee wangu, toa zote tuzitandike mezani. Ile inayokaa juu kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, yaani ile anayoitia chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa, kila asubuhi kabla ya kwenda dukani na kuitoa kila usiku akiweka bastola sefuni, ilikuwa fupi. Kwa macho huoni haraka. Nikachukua venia, kile kifaa cha kupimia vitu vidogo, tukapima: wenzake milimita 28.6, hii 27.9, na pale ganda linapokishika kichwa cha risasi pashaota kutu ya kijani.

Na hiyo ndiyo ingetoka ya kwanza siku ya siku.

Kwa nini imekuwa fupi? Kila ukiachia slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola unayoivuta nyuma, risasi inasukumwa kwa nguvu ikapanda ule mtelemko wa kuingilia chemba, kichwa kinagonga chuma na kurudi ndani ya ganda kidogo, kesho tena kidogo, na ukirudia hivyo miezi na miezi nafasi ya baruti imepungua na baruti ikiwaka mahali pa kubana presha inapanda kuliko bastola ilivyoundiwa. Ikipanda sana ganda linapasuka, na bastola iko mkononi mwako. Kwa hivyo usiirudishe risasi ileile chemba kila siku. Zungusha, ile ya juu iende chini, weka nukta ya maka pen kila ikiingia chemba, mimi nukta zikifika tatu naitoa kabisa, na nikiona imeanza kufupika hata moja sisubiri ya pili.

Sasa hiyo kijani. Anayekaa Likoni au Nyali anajua mageti yanavyoliwa na hewa ya chumvi, basi ongeza jasho la kiunoni, ongeza hili joto letu, shaba itapona vipi? Chagua zenye maganda meupe yaliyopakwa nikeli, zinastahimili zaidi. Usizipake mafuta nakuomba, watu wanaona wanazilinda kumbe mafuta yanapenya kwenye praima, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, na siku unavuta triga unasikia tik tu. Usiziache kwenye dashibodi gari limeegeshwa juani, wala kuziweka muda mrefu kwenye mkanda wa ngozi, manake dawa za kulainishia ngozi nazo zinakula shaba. Huku Mombasa mimi nabadilisha za kubebea kila miezi sita, zile za zamani nazimaliza renjini.

Aina gani? Kwa kujilinda nataka kichwa chenye tundu mbele, kinachofunguka kikigonga na kupunguza mwendo, manake ile ya kichwa cha duara iliyofunikwa chote inaweza kupita mtu ikaenda kwa mama aliyesimama nyuma anachagua nyanya, na sisi tunaishi kwa msongamano, fikiria soko la Kongowea saa kumi na mbili asubuhi. Lakini isiwe nyepesi ya kusimama njiani. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami, maajenti wa FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walipambana na majambazi wawili, risasi moja ya milimita 9 ikapita mkono wa jambazi ikaingia kifuani ikasimama karibu kabisa na moyo, naye akaendelea kupiga, maajenti wawili wakafa. Baada ya hapo FBI wakaweka kipimo chao, jeli ya asilimia 10 inayoiga nyama ya mwili, risasi iingie kati ya sentimita 30 na 46, hata ikipita nguo kwanza. Kampuni kubwa nyingi zinapima hivyo, kwa hiyo soma pakiti. Uzito wa kichwa, gireni (kipimo cha uzito wa risasi) 124 au 147, zote nzuri, ila za mazoezi ziwe uzito uleule ili mkono usizoee kitu kingine.

Haya, lakini risasi inayosifiwa dunia nzima inaweza kukataa kwenye bastola yako. Ule mdomo mpana unakwama kwenye mtelemko, hasa bastola za kizamani kama Browning Hi-Power za mwanzo ambazo ziliundwa zikifikiria kichwa cha duara. Kwanza fungua bastola iliyo tupu, toa mtutu, dondosha risasi chemba kwa uzito wake mwenyewe: unataka isikike *tak*, izunguke ukiigusa kwa kidole, na ianguke ukigeuza. Ikishikilia, aina hiyo si yako.

Kisha piga. Najua cheti kinataja idadi unayoruhusiwa kununua na kukaa nayo na bei nayo inauma, lakini chini ya 50 za aina ileile utakayobeba mimi siamini, na 100 ndiyo nalala usingizi. Zipitishe kwenye kila magazini unayobeba, manake jamu nyingi ninazoziona ni springi ya magazini iliyochoka wala si risasi. Piga kwa mkono mmoja, piga kwa kushoto, piga mikono imelowa jasho. Ikijamu mara moja tafuta sababu, ikijamu mara mbili badilisha aina na uanze kuhesabu upya kutoka moja.

Ukisikia tik bila mlio, mtutu ubaki kwenye shabaha sekunde 30, inaweza kuchelewa kuwaka. Ukisikia mlio dhaifu kama puf, simama hapohapo, toa kila kitu uangalie mtutu, kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani na risasi inayofuata inaweza kupasua bastola.

Yule mzee alipiga 60 siku hiyo. Mbili zilikwama, zote kutoka magazini moja, tukabadilisha springi, na Jumamosi anarudi tuanze tena kuhesabu.