Notsi zako kwenye kitabu cha mtandaoni: zitoe kabla mkopo haujaisha

UE, yaani mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, zikikaribia, malalamiko yanayotufikia sisi wa kitengo cha vitabu vya kielektroniki hapa maktaba ya chuo yanafanana: "kitabu kimefutika na notsi zangu zote zimeenda nacho." Safari hii yamezidi, ndo maana nimeombwa niandike. Wengi sasa mnasomea kwenye vishikwambi, jambo zuri kabisa, ila kuna vitu bado havijaeleweka.

Kwanza, kitabu hakijafutika, mkopo umeisha. Chuo kinalipia leseni, na leseni ndo inayosema wangapi wanaweza kukisoma kwa wakati mmoja na faili ulilopakua litafunguka kwa siku ngapi. Siku zikiisha linajifunga lenyewe. Hakuna mtu ofisini kabonyeza kitu, sio virusi, na kuzima data hakusaidii chochote kwa sababu tarehe ya mwisho iko ndani ya faili lenyewe. Hili tumeshalieleza mno jamani, na bado watu wanapiga simu usiku tuwafungulie. Hatuwezi, mwenye funguo ni mchapishaji.

Sasa notsi. Ukisomea moja kwa moja kwenye jukwaa la mchapishaji ukiwa umelogin, kwa kawaida rangi unazopiga na maneno unayoandika pembeni yanakaa kwenye akaunti yako, kesho ukiingia kwa simu unayakuta. Ila ukipakua kitabu ukakifungua kwa Adobe Digital Editions, programu ya kusomea vitabu vilivyopakuliwa, ulichoandika kinabaki kwenye kifaa hichohicho, hakirudi kwenye akaunti, kwa hiyo mtu anapiga rangi sura nzima ya figo kwenye tableti, halafu anafungua kompyuta ya maktaba anakuta kitabu cheupe, anakuja kutugombeza sisi.

Na hata notsi zikibaki, angalia umeandika nini. Mwaka 2009 Amazon walifuta kwa mbali kitabu cha 1984 cha George Orwell kwenye Kindle, vifaa vyao vya kusomea vitabu, za watu walioshakinunua, kwa sababu aliyekiweka sokoni hakuwa na haki nacho. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alikuwa anakisomea kazi ya shule, notsi zake zilibaki lakini kitabu zilichokuwa zinakirejelea hakipo tena, akawapeleka mahakamani na wakamalizana kwa malipo. Microsoft nao walipofunga duka lao la vitabu mwaka 2019 walirudisha pesa, na walioandika notsi humo wakaongezewa dola 25. Dola 25 kwa notsi za muhula mzima!

Kwa hiyo usiandike "muhimu sana!!" ukaishia hapo. Andika hivi: Sura ya 4, kichwa kidogo kinachohusu uchujaji wa damu, aya inayoanza na maneno fulani, halafu ulichoelewa kwa maneno yako. Namba ya ukurasa isikudanganye, kwenye EPUB, aina ya faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kufuata kioo, ukikuza herufi tu kurasa zinahama, wa 112 kwako ni mwingine kwa mwenzako. Ukimaliza sura, nenda sehemu ya notsi, tafuta alama ya kupakua au kujitumia kwa imeili, zitoe siku hiyohiyo. Kama jukwaa halina hiyo alama, nakili kwa mkono kwenye daftari, ndio, daftari la kawaida. PDF ambayo mwalimu ameskani ni picha, rangi haishiki kwenye maneno mpaka faili lipitishwe kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi, tuleteeni tutawasaidia.

Kuhusu programu za kuvunja kufuli la faili la kitabu, na kushusha sura zote mfululizo kisha kurusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Mfumo wa mchapishaji unaona, na anaweza kufunga anwani ya mtandao ya chuo kizima, yaani mpaka aliyeko maabara anafungiwa. Hapo tunaandikiwa, tunatafuta akaunti iliyotumika, akaunti inasimamishwa, mwenye nayo anaitwa kuandika maelezo, na shauri linaweza kufika kamati ya nidhamu. Ukisema ulimpa rafiki paswedi, bado akaunti ni yako na maelezo utaandika wewe. Juu ya hapo ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999, yenye faini na kifungo ndani yake. Kunakili kipande kidogo kwa kujisomea ni kitu kimoja, kugawa kitabu kizima ni kingine, na "ni kwa ajili ya masomo tu" haigeuzi hilo.

Mwaka wa mwisho nawaomba sana. Akaunti ya chuo ikifungwa baada ya kumaliza, notsi za kwenye jukwaa hamtazifikia tena. Zitoeni kabla hamjaleta fomu ya klirensi kusainiwa, na anayekwama aje kaunta na kifaa chake kikiwa na chaji.