Pikseli: neno lililotoka kwenye picha za Mwezi na Mirihi

Muuzaji wa simu anapotaja megapikseli 50, anazungumzia nukta milioni 50 zinazounda picha moja. Neno hili limezoeleka madukani hata wengi hudhani lilizaliwa pamoja na simu za kamera. Kumbe lina umri wa miaka sitini na ushee.

Mwaka 1965 Fred Billingsley, mhandisi wa JPL, maabara ya vyombo vya anga huko California, alichapisha makala mbili kuhusu kuchakata picha za vyombo vya anga kwa kompyuta. Humo ndimo watafiti wanakolikuta neno pikseli kwa mara ya kwanza katika maandishi. Mwaka huohuo chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na sayari ya Mirihi kikatuma picha za mistari 200, kila mstari nukta 200. Picha moja ya nukta 40,000 ilichukua saa nane hivi kufika duniani. Kwa mwendo huo, si ajabu kila nukta ikastahili jina!

Billingsley hakujidai kuwa ndiye mbunifu. Alisema alilipata kwa Keith McFarland wa Palo Alto, naye McFarland akasema hajui lilikotoka, alilikuta likitumika tu. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba fulani ndiye aliyelibuni, usiamini haraka.

Muundo wake hauna utata. "Pix" ni kifupi cha Kimarekani cha neno "pictures", yaani picha, na gazeti la burudani la Variety lilikitumia kwenye vichwa vyake vya habari tangu miaka ya 1930. "El" imekatwa kutoka "element", sehemu ndogo inayojenga kitu. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi: katika hataza yake (hati ya kulinda uvumbuzi) ya miaka ya 1880, Mjerumani Paul Nipkow aliandika "Bildpunkt", nukta ya picha. Kampuni ya kompyuta ya IBM nayo ilipendelea "pel", lakini halikuvuma.

Mkia huo wa "el" umezaa vokseli, nukta yenye ujazo inayotumika katika picha za CT scan hospitalini.

Jambo moja hukosewa sana, hata na wanafunzi wetu: pikseli si kijimraba. Alvy Ray Smith, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, aliandika waraka mzima mwaka 1995 kulipinga hilo. Pikseli ni kipimo cha rangi kilichochukuliwa mahali pamoja pa picha. Vimiraba unavyoviona ukiikuza picha kupita kiasi huwa vimechorwa na programu.