Shingo ya Farasi wa Fjord Si Ghala la Mafuta

"Daktari, huyu hajanenepa, hata kwenye krone ya zamani yuko hivihivi!" Safari hii mwenye farasi alinitolea sarafu yenyewe: krone moja ya Norway, ya miaka ya 1958 hadi 1973, Mfalme Olav V upande mmoja, farasi wa Fjord upande wa pili. Mimi, daktari wa mifugo, nilikuwa nimeshika kwato ya farasi wake, inawaka joto la ugonjwa. Haya ndiyo ninayoambiwa na wenye Fjord, na majibu yangu.

"Fjord ameumbwa mnene." Ameumbwa na kifua kipana na shingo yenye misuli. Unene mnampa nyinyi. Huyu ni farasi wa milima ya magharibi mwa Norway, aliyevuta jembe na kubeba mizigo kwenye miteremko huku akila nyasi haba. Mwili wake haupotezi hata punje. Leo hana kazi, na analishwa nyasi tamu zilizopandwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Insulini, homoni ya sukari, hupanda, tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato huachia, mfupa ukazama. Laminaitisi hiyo, na wengine hawaponi.

Sarafu haina mbavu za kupapasa. Farasi wako anazo. Usizione, lakini uziguse bila kubonyeza. Shingoni, chini ya singa, pakiwa pagumu na hapayumbi ukipasukuma, hayo ni mafuta. Nunua mizani ya ndoano, ile ya wauza samaki, utundike wavu wa hei, yaani nyasi kavu. Farasi wa kilo 450 anayepunguzwa hupata takriban kilo 7 kwa siku. "Mikumbatio miwili" ya hei si kipimo. Wala usimshindishe njaa: mafuta hufurika kwenye damu, ini likaumia.

"Singa zake husimama zenyewe." Ziache uone zitakavyolala. Weusi wa katikati ya singa ni wa asili. Upinde wa singa zilizosimama ni kazi ya mkasi.

"Ana mistari, basi ni farasi-mwitu wa Przewalski." Przewalski ana kromosomu 66, Fjord 64 kama farasi wengine wa kufugwa. Mstari wa mgongoni hata punda wa Lamu anao.

"Ni poni wa watoto." Ana sentimita 135 hadi 150 begani na hubeba mtu mzima vizuri tu.

"Fjord wa kijivu atazeeka awe mweupe." Hawi. Kijivu chake ni weusi uliopaukishwa na jeni ileile inayompa mistari, na atakufa nacho.